Mkoba Ni Wangu

Mfuko wa nailoni ndio ulioanzisha maneno.

Ukumbi wa ofisi ya vitambulisho ulikuwa umefurika watu tangu asubuhi. Feni mbili zilizunguka darini bila kumpoza mtu, karani wa dirisha namba saba alikuwa ameinuka akaenda anakokujua mwenyewe, na namba nyekundu za ukutani zilikuwa zimegoma kwenye mia moja tisini na mbili. Kwenye benchi la pili alikaa mwanamke mwenye gauni la kijani lililonyooshwa vizuri kwa pasi, nywele amezibana kisogoni, mkononi ana karatasi ya foleni yenye namba mia mbili na kumi na nne. Alipoona hakuna kinachosogea, alifanya kile alichozoea kufanya penye foleni yoyote. Alitoa sindano mbili ndefu na kazi yake nyeupe, akaanza kufuma.

Huyu alikuwa mtu wa maabara katika hospitali kubwa ya mji, kazi yake kuwatoa watu damu kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Wenzake walimwita Sindano, maana akiiweka chini ile ya damu, dakika hiyo hiyo huchukua zile za kufumia. Alikuwa amewafumia watoto wachanga wa wauguzi wote, wadogo zake wanne, wazee wa mtaani kwake, na hata mlinzi wa geti alikuwa na kofia iliyotoka mikononi mwake. Yeye mwenyewe hakuwa na hata soksi moja. Ukimuuliza, alikuwa akikuambia zamu yake haijafika.

"Dada, samahani," sauti ya kiume ikasema kando yake.

"Bila samahani."

"Huo mfuko wako una kelele."

Aligeuka. Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, ovaroli pana ya bluu imefungwa vifungo hadi viganjani, vidole vina madoa ya gundi. Begani alining'iniza mkoba wa ngozi ya kahawia, mzuri kiasi kwamba ungedhani ameazima.

"Mfuko wangu?"

"Kila ukivuta uzi unasema kwaru, kwaru. Nimevumilia tangu mia moja themanini."

"Pole. Si ungehama benchi?"

"Ningehama, ila nani angekuambia habari za hilo ganda la kitunguu?"

Alitazama. Kweli bwana, ganda jekundu la kitunguu lilikuwa limenasa katikati ya kisweta cheupe cha mtoto. Mfuko ule alikuwa ametoka nao sokoni Jumamosi. Kabla hajasema neno, yule mwanaume aliinama akalibandua ganda kwa ncha za vidole viwili, polepole, bila kuvuta hata uzi mmoja.

"Kazi safi namna hii," akasema, na safari hii hakuwa anatania, "unailaza kwenye mfuko wa vitunguu. Mimi nashona mikoba, dada. Nikiona hivi naumwa kabisa."

"Sasa unataka nilie?"

"Nataka uje karakana. Juu ya duka la vifaa vya shule, mkabala na posta. Uliza fundi wa mikoba."

"Na kama sitaki mkoba?"

"Basi uje unywe chai. Huo mfuko tu uuache kwenu."

Ukutani namba zikazinduka ghafla, zikakimbia hadi yake ikaitwa. Aliinuka haraka, mfuko ukasema kwaru, na nyuma yake akasikia, "Kwaheri, Vitunguu!" Benchi zima likacheka. Alijitahidi kukasirika njia nzima hadi dirisha namba saba, akashindwa, na picha ikapigwa wakati huo huo. Mpaka leo kitambulisho chake kina sura ya mtu anayebana kicheko.

Alikaa wiki mbili akijiambia haendi. Wiki ya tatu, Jumamosi, alivaa sketi yake ya maua na blauzi ya mikono mifupi, akapaka wanja kidogo, akaenda kuangalia tu. Kwenye ngazi alikutana na mama wa duka la vifaa vya shule, ambaye alimtazama kuanzia wanja hadi viatu, akasema, "Fundi yupo, mwanangu. Panda."

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye dirisha kubwa upande wa barabarani. Cherehani mbili, meza ya kukatia, kuta zimejaa vibonge vya uzi wa kushonea vya kila rangi, na harufu ya ngozi mpya. Karibu na mlango kulikuwa na kiti cha mbao, na mgongoni mwa kiti hicho limevikwa koti zito la kahawia. Mgeni wetu aliona vyote hivyo baadaye. Kilichomshika macho kwanza ni mkoba uliotundikwa katikati ya ukuta.

Ulikuwa wa turubai la rangi ya chungwa lililoiva, chini umezungushiwa ngozi, vishikio viwili vya kuvaa begani. Ndani bitana ya maua madogo ya samawati, na mfuko mwembamba mrefu wa kulaza sindano. Juu, pembeni, palikuwa na pete ndogo ya shaba.

"Hii ya nini?" aliuliza.

"Uzi unapita hapo. Kibonge kinakaa chini, kinazunguka humo humo, hakitoki kwenda kuzurura. Na mkoba hausemi chochote." Fundi aliushusha akamkabidhi. "Kila mteja namuuliza swali moja. Kazi gani itakaa humu?"

"Ya mtoto wa muuguzi. Halafu shali ya mama. Halafu..."

"Mwaka huu umefuma masweta mangapi?"

"Kumi na moja."

"Yako ni mangapi?"

Aliingiza mkono ndani ya mkoba, akaisikia bitana ilivyo laini, na moyo wake ukautaka mkoba ule kwa nguvu iliyomtia aibu. Bei ilimfanya ameze mate. Kisha akalipa. Tangu aanze kazi, ilikuwa mara ya kwanza kununua kitu ambacho hakikuwa cha lazima, hakikuwa cha mtoto wa mtu, wala hakikuwa kimepunguzwa bei.

Nyumbani alikaa na mdogo wake wa mwisho, msichana wa chuo mwenye mdomo mwepesi. Huyo aliukuta mkoba juu ya meza akauzunguka mara mbili.

"Dada, umeuibia wapi?"

"Nimejinunulia."

"Wewe? Umejinunulia wewe?" Akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. "Haya niambie, mkoba wote huu ni wa kubebea sweta ambalo utampa mtu mwingine?"

"Ndiyo hivyo. Kazi ni yao, mkoba ni wangu. Sweta likiisha linaondoka. Huu hauondoki."

"Makubwa!" Mdogo mtu alikuwa tayari ameingiza kichwa ndani ya mkoba. "Hee! Dada, njoo uone. Kuna kitu kimeshonwa huku chini."

Kilikuwa kitunguu. Kidogo, saizi ya ukucha, kwa uzi wa zambarau, kimejificha penye mshono wa bitana ambapo asingekiona mtu asiyechokora. Na kwenye mfuko wa sindano mlikuwa na kadi yenye namba ya simu.

"Huyu fundi anauza mikoba au anatongoza?"

"Nipe hiyo kadi."

Alipiga simu akiwa jikoni, mlango ameufunga, mdogo wake ametega sikio upande wa pili.

"Halo?"

"Umenishonea tusi kwenye mkoba wangu."

"Vitunguu!" Sauti ya fundi ilifurahi waziwazi. "Umekiona siku ya kwanza? Wengine huwa hawaoni chochote mpaka mwaka."

"Kumbe unawashonea wengine pia?"

"Hapana, kipenzi. Wengine siwashonei kitu, ndiyo maana hawaoni."

"Kipenzi tena! Tumeanza lini?"

"Mimi nilianza mia moja themanini. Wewe sijui namba yako."

Alicheka mpaka maziwa yakafurika kwenye jiko.

Mwezi uliofuata alijipa zawadi ya mkoba wa pili, mdogo, wa kitambaa cha mistari, saizi ya kofia moja ya mtoto na vibonge viwili, wa kwenda nao kazini. Huu nao ulikuwa na kitunguu, kimefichwa chini ya zipu. Sasa kila akitoka hospitali saa tisa, miguu yake ilimpeleka mkabala na posta bila kuulizwa. Fundi alishona, yeye akafuma kwenye kigoda karibu na dirisha, chai katikati yao. Walitaniana mpaka mama wa chini akagonga dari kwa ufagio. Hapo ndipo alipojua kwamba kiwanda kimoja cha mikoba, mji mwingine mbali, kilikuwa kimemwita fundi mara mbili na mara mbili amekataa.

"Mshahara mzuri, nyumba wanakupa," fundi alieleza. "Lakini kule utashona vishikio tu. Asubuhi vishikio, jioni vishikio. Sitakaa nijue kazi gani inaingia ndani ya mkoba."

"Usiende basi."

"Nimesema naenda?"

Siku ile ndipo Sindano alipoamua kumfumia sweta. Alikuwa akipenda, na mtu kama yeye akipenda hufuma. Alitaka iwe siri hadi siku ya kumvisha. Tatizo likawa vipimo. Fundi hakuwahi kuvua ile ovaroli mbele yake, kwa sababu ya gundi, na ovaroli ile ingeweza kuficha mtu wa umbo lolote. Yeye naye hakuwa mtu wa kukadiria kwa macho. Kote alikofuma alikuwa na msemo wake mmoja, tepu haidanganyi.

Basi Jumatano moja alipanda ngazi akakuta karakana wazi na fundi hayupo. Lile koti la kahawia lilikuwa limekaa mgongoni mwa kiti chake kama kila siku. Sasa nikwambie habari za koti lile. Lilikuwa la mjomba wa fundi, mzee aliyeianzisha karakana na ambaye sasa mgongo ulimweka nyumbani. Mjomba aliacha amri moja tu, koti lisiondoke kwenye kiti. Mteja akilikuta atajua mwenye duka hayuko mbali, atasubiri. Fundi aliitii amri hiyo kwa miaka minne bila kulivaa hata mara moja. Lakini Sindano hakuyajua hayo, wala hakuuliza. Angeuliza, hadithi hii ingeishia hapa.

Alitoa tepu mkobani, akasikiliza ngazi, akapima upesi upesi. Kifua, inchi hamsini na nne. Alishtuka, akapima tena, ikawa hamsini na nne. Mabega, urefu, mkono. Aliandika kwenye karatasi, na fundi aliporudi na zipu zake alimkuta amekaa kwenye kigoda, mpole, uso unamwaka moto.

"Dada," mdogo wake alisema wiki mbili baadaye, akitazama kazi ya bluu nzito iliyotanda magotini pa mwenzake hadi sakafuni, "mbona mimi yule fundi namwona mwembamba?"

"Ovaroli inamficha. Tepu haidanganyi."

Kazi ilikua mpaka mkoba wa chungwa ukashindwa kuimeza. Ikawa sababu nzuri ya mkoba wa tatu. Alikwenda Jumamosi, amevaa gauni jipya la rangi ya divai, amejaa furaha ya siri yake.

"Nataka mkubwa, fundi. Mkubwa kabisa."

"Kazi gani itakaa humo?"

"Sweta."

"La nani?"

"La mtu muhimu," akasema, akajichekea.

Fundi alicheka naye. "Lete nione upana wake."

Alisita kidogo, kisha akatoa kipande cha mgongo peke yake. Mgongo hauna jina la mtu. Fundi alikitandaza mezani akakipima kwa shubiri, moja, mbili, tatu. Kicheko kikaanza kumtoka usoni.

"Huyu mtu ana kifua."

Yeye akadhani amejitambua na sasa anatafuta kusifiwa. Aliinamisha macho. "Anacho."

"Na mabega."

"Mabega yake ndiyo yaliyoniponza."

"Ulimpima mwenyewe?"

"Mwenyewe, kwa mikono hii. Ila hajui."

Fundi alikikunja kile kipande kwa uangalifu mkubwa, kona kwa kona, akamrudishia. "Ana bahati," akasema.

"Mwambie na yeye aanze kujiona hivyo," alijibu kwa madaha, akashuka ngazi akiimba.

Mkoba wa tatu hakuupokea kwa fundi. Aliukuta kwa mama wa duka la chini, umefungwa kwenye karatasi, umeshonwa vizuri kupita yote miwili, turubai jeusi na bitana nyekundu. Aliufikisha nyumbani akaupekua. Akaupindua nje ndani. Mdogo wake alileta tochi ya simu. Walitafuta kwenye kila mshono na hapakuwa na kitunguu.

Alipiga simu mara tatu ndipo ikapokelewa.

"Fundi, mkoba wangu hauna kitunguu."

"Uzi wa zambarau umeisha."

"Juzi nimeona kibonge kizima ukutani."

"Nina kazi nyingi, dada."

Dada. Si Vitunguu tena, wala kipenzi. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Kila mtu na kilicho chake. Usiku mwema," akasema fundi, na jua lilikuwa bado halijazama.

Wiki ile alipita mara mbili mkabala na posta na mara mbili akakuta koti kwenye kiti na hakuna mtu. Alisubiri hadi aibu ikamshusha. Ijumaa mdogo wake aliingia na uso mrefu. Alikuwa amekwenda kununua daftari kwa yule mama.

"Dada, kaa chini. Fundi wako anahama. Amekubali kile kiwanda. Anasubiri cheti cha daktari tu, si Jumatatu hii, ile inayofuata anaanza."

Alikaa chini. Hakulia mbele ya mdogo wake, alikwenda kulia bafuni, maji ameyafungulia. Usoni mwa kioo alijiambia kwamba ndivyo inavyokuwa ukijizoesha vitu vizuri. Kisha akachukua mikoba yote mitatu, akaipanga juu kabisa ya kabati, na kazini akaenda na mfuko wa nailoni.

"Sindano," mwenzake wa maabara alimuuliza saa ya chai, "ile mikoba yako imeenda wapi?"

"Inapumzika."

Kwaru, ukasema mfuko.

Jumanne ni siku ya watu wasiokula tangu jana, wale wa kupima sukari, na huwa na hasira. Foleni ilifika hadi korido. Alikuwa amevaa koti lake jeupe na glavu, anabandika lebo kwenye chupa, akaita namba bila kuinua macho. Mtu akaketi. Alipoinua macho alikuwa fundi, katika shati jeupe la mikono mirefu, fomu ya kiwanda mkononi, uso umempauka.

"Niliomba dirisha lile jingine," akasema fundi.

"Hapa hatuchagui." Aliipokea fomu akaisoma yote, ingawa aliijua kwa moyo. "Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli." Macho ya fundi yalishuka chini ya meza. "Umerudia nailoni?"

"Haikuniahidi kitu. Kunja mkono wa shati."

Fundi alifungua kifungo, akaukunja hadi juu. Yeye akachukua mpira wa kufungia, akauzungusha juu ya kiwiko, akavuta. Mpira ukabaki mrefu. Akavuta tena. Vidole vyake, ambavyo kwa wiki sita vilikuwa vimefuma mkono wa sweta kwa ajili ya mkono huu huu, vikasimama.

"Mkono wako ndio huu?"

"Sina mwingine."

"Umekonda?"

"Sijakonda. Niko hivi tangu nizaliwe."

Alimtazama mabega ndani ya lile shati jeupe, akamtazama kifua. Mle kwenye sweta wangeingia watu wawili kama huyu na wakabaki na nafasi ya chai.

"Fundi. Lile koti kwenye kiti ni la nani?"

"La mjomba. Kwani vipi?"

"Mjomba ana kifua?"

"Mjomba anajaza mlango. Koti linakaa pale ili wateja wajue..."

Hakumaliza. Sindano alikuwa ameweka kiganja chenye glavu juu ya meza na anacheka, machozi yanamtoka, hawezi kupumua. Mwenzake alichungulia juu ya kioo.

"Lile sweta ni lako, mjinga wewe!" akasema, na korido nzima ikasikia. "Nililipima koti! Nilidhani koti ni lako! Kifua cha mjomba wako ndicho nimekifuma wiki sita!"

Rangi ilimrudi fundi usoni, ikapita kiasi. "Mabega yaliyokuponza..."

"Nilidhani nakusifu wewe!"

"Nimekaa siku kumi namchukia mtu ambaye hayupo," akasema fundi polepole. "Nimemchukia mpaka nikakubali vishikio."

Hapo kicheko kilimwisha. "Na ulikuwa unaondoka hivyo hivyo? Bila hata kuniuliza?"

"Niliogopa jibu."

"Mimi nililia bafuni, fundi. Nilidhani umenichoka."

"Nisamehe. Nakupenda, na nilifanya kijinga."

Bibi mmoja kwenye benchi la kwanza akakohoa. "Wanangu, hongereni sana," akasema. "Lakini sisi hatujala tangu jana."

Sindano alifuta macho kwa mkono wa koti. Akachukua sindano kwenye kasha lake, akaishika juu, na sauti yake ikawa ya kazi tena, ingawa ilitetemeka. "Nikiichukua hii damu, kesho una cheti na Jumatatu uko kiwandani. Sema wewe. Nichukue au nisichukue?"

Fundi aliitazama sindano, akamtazama mwenye sindano. Akaichukua fomu yake juu ya meza, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Sikuwahi kuitaka ile kazi," akasema. "Nilitaka tu kwenda mbali na sweta lile. Fungua mpira."

Aliufungua. "Jumamosi saa nne, karakana," akanong'ona. "Mjomba awepo. Avae koti lake, nilione likiwa na mtu ndani." Kisha akainua sauti. "Namba inayofuata! Bibi, karibu."

Jumamosi mjomba aliingia karakana kwa ubavu, koti limemkaa sawasawa, akamshika mkono mgeni kwa mikono yote miwili. "Ndiye wewe uliyenipima nikiwa kitandani kwangu?"

"Nisamehe, mjomba."

"Nisamehe nini? Hebu lete hilo sweta."

Mgongo na kifua vilikuwa vimeshaunganishwa, na mkono mmoja tayari. Mjomba alivua koti akalivaa sweta la mkono mmoja. Lilimkaa kama ngozi yake. Alijitazama kwenye kioo mbele, akajitazama upande, akakataa kulivua.

"Mkwe, mkono wa pili unaanza lini?"

"Mjomba, hilo la mwenyewe. Lako nitalifuma, nakuahidi. Vipimo ninavyo."

"Kifua changu ndicho kilichowakosanisha, na hiki hiki kinaachwa na baridi," alilalamika mzee, lakini akalivua, akaliweka mezani kwa upole.

Walikaa dirishani. Fundi, leo bila ovaroli, alipimwa mara tatu kwa tepu na mara moja bila tepu, mpaka mjomba akageukia barabarani. Halafu Sindano akakata fundo la kwanza akaanza kufumua. Fundi alinyoosha mikono yake miwili mbele, na uzi wa bluu ukajizungusha viganjani mwake safu kwa safu, bado umejikunja, bado una joto la kifua cha mjomba. Wiki sita za kazi zilitoka kwa asubuhi moja. Hakuumia hata kidogo, na hilo lilimshangaza.

Walipomaliza alivipanga vibonge mezani, akapiga hesabu ya sweta la mtu mwembamba. Vibonge saba vilitosha. Vikabaki vitano.

"Na hivi ni vya nani?" akauliza fundi.

"Muuguzi wa wodi ya nne anajifungua mwezi ujao, halafu kuna..." Aliinua kibonge kimoja akakibonyeza shavuni. Ilikuwa bluu nzuri sana, aliichagua kwa muda mrefu dukani, na alikuwa akiipenda tangu siku ya kwanza. "Vyangu," akasema. "Hivi vyangu."

Fundi aliinama chini ya meza akatoa mkoba wa nne. Turubai la kijani, kijani kile cha gauni la ofisi ya vitambulisho, na pete ya shaba. Yeye aliufungua hapo hapo akachokora bitana. Vilikuwapo, penye mshono, vitunguu viwili vya zambarau, bega kwa bega.

"Kazi gani itakaa humu?" akauliza Sindano, sauti imempungua.

"Sweta lako. Ukimaliza, kila utakachofuma ukiwa kwetu. Nataka nikuoe, Vitunguu. Nimeuliza sasa, sijakaa nikikisia. Unasemaje?"

Mjomba alikuwa ameacha kutazama barabara.

"Nasema ndiyo," akajibu, analia na kucheka kwa pamoja. "Ila utasubiri. Nafuma lako, nafuma la mjomba, halafu..." Akatikisa kichwa. "Hapana. Nafuma langu kwanza."

Na kweli alianza na lake. Hakulikimbiza. Lilisafiri kwenye mkoba wa kijani kwenda hospitali na kurudi, likakaa naye saa ya chai, likakua safu kwa safu huku fundi akimpigia simu kuuliza limefika kwapani au bado, na mjomba akiulizia mkono wake. Asubuhi moja yule bibi wa sukari alirudi kupima tena. Akiwa anasubiri, aliona kazi ya bluu ikichungulia mkobani.

"Zuri hilo, mwanangu. La nani?"

Sindano alilitoa, akalinyoosha, akalipima kifuani pake mwenyewe.

"La mtu muhimu," akasema.